Kupima prolini kwenye asali ya Tabora: kutoka ndoo ya mrina hadi namba ya kuaminika

Weka ndoo mbili sokoni Tabora mjini: moja ya asali ya miombo kutoka Sikonge, nyingine ya asali iliyochakachuliwa kwa shira ya sukari. Jicho linaweza kudanganyika, na ulimi pia. Vipimo vya mtaani, kama kuchovya njiti ya kiberiti, kudondosha asali kwenye glasi ya maji au kuipaka kwenye karatasi, hupima unene na maji yaliyomo tu, na shira nzito hufaulu vyote. Hakuna hata kimoja kinachouliza swali lenyewe: je, kitu hiki kilipita mwilini mwa nyuki?

Prolini hulijibu swali hilo kwa kiasi kikubwa. Ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, na ndiyo nyingi kuliko zote zilizo huru ndani ya asali; mara nyingi huzidi nusu ya jumla yake. Sehemu kubwa haitoki kwenye ua. Nyuki huiongeza mwenyewe anapoishughulikia nekta, pamoja na vimeng'enya vinavyovunja sukari. Sukari ya dukani haina prolini, kwa hiyo kila kikombe cha shira kinachomiminwa kwenye ndoo huipunguza.

Kabla ya kushika pipeti, ielewe molekuli yenyewe, maana umbo lake ndilo linalofanya kipimo hiki kiwezekane. Mwilini prolini hutengenezwa kutoka glutamati. Glutamati huongezewa haidrojeni ikawa semialdehaidi, semialdehaidi hujikunja yenyewe na kufunga pete, ikawa pirolini-5-kaboksileti, kisha pete hiyo huongezewa haidrojeni tena ikawa prolini. Ikihitajika nishati, safari hurudi kwa njia ya pete ileile hadi glutamati, na kaboni zikaingia kwenye mzunguko wa asidi sitriki. Mbung'o wa mapori ya Ugalla huruka kwa nishati hiyo: huchoma prolini na kubakiwa na alanini, kisha huijenga upya prolini kwa kutumia mafuta ya mwili wake.

Kilicho muhimu kwetu ni ile pete. Naitrojeni ya prolini imefungwa ndani yake, tofauti na asidi amino nyingine ambazo naitrojeni yake iko wazi. Ninhidrini, dawa iliyogunduliwa na Siegfried Ruhemann mwaka 1910, ikikutana na asidi amino za kawaida hutoa rangi ya zambarau. Ikikutana na prolini, kwenye asidi kali na joto, hutoa rangi nyingine yenye wekundu, inayofyonza mwanga vizuri kwenye nanomita 510. Kwa sababu ya asidi hiyo, asidi amino nyingine karibu zote hunyamaza.

KUCHUKUA SAMPULI

Makosa mengi huanzia hapa, mbali na maabara.

Asali ya mzinga wa gogo au wa gome hutolewa kwa kukata masega, na mara nyingi hukamuliwa yote pamoja: sega lenye asali, sega lenye chavua, na wakati mwingine lenye majana, yaani watoto wa nyuki. Chavua ina prolini nyingi sana, na maji ya majana yamejaa asidi amino. Asali kama hiyo itakupa namba kubwa isiyotokana na ubora wake. Muulize mrina jinsi alivyoikamua na uandike jibu. Asali iliyochujwa kwa kudondoka yenyewe na ile iliyokamuliwa kwa mikono zisiwekwe kwenye kundi moja, hata kama zimetoka kijiji kimoja.

Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba takriban kilo 28 za asali, na asali hiyo haifanani juu hadi chini. Povu, nta na chavua hupanda juu, chembe zilizoganda hushuka. Tumia mrija mrefu safi wa plastiki au chuma: uzamishe hadi chini, uzibe juu kwa kidole chenye glavu, utoe. Fanya hivyo sehemu tatu, uchanganye kwenye chupa moja ya kioo ya gramu 250. Kama asali imeganda, iweke chupa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi ilainike. Usizidishe joto. Ukiichemsha, asidi amino huanza kuungana na sukari na kutoa rangi ya kahawia, nayo prolini unayoitafuta hupungua kabla hujaipima. Chuja kwa wavu wenye matundu ya nusu milimita, kisha koroga taratibu kwa dakika tatu hivi bila kuingiza mapovu.

Kwenye lebo andika wilaya, kijiji, aina ya mzinga, mwezi wa kurina, namna ya kukamua, na kama ni nyuki wanaouma au nyuki wadogo. Asali ya nyuki wadogo ni kitu kingine kabisa, na viwango vya asali ya nyuki wakubwa haviihusu.

VIFAA NA DAWA

Unahitaji mizani inayosoma hadi milligramu 0.1, spektrofotomita (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho) inayofika nanomita 510, pipeti za mililita 0.5, 1 na 5. Chupa za ujazo za mililita 25, 50 na 100. Na mirija ya kioo ya mililita 15 hadi 20 yenye vifuniko vya kuzungusha. Vifuniko viwe na bitana ya tefloni, kwa kuwa mpira wa kawaida huliwa na asidi. Tafuta pia sufuria kubwa ya kuchemshia, chombo cha maji ya nyuzi 70, kipimajoto na saa ya kuhesabu dakika. Kama una kolorimita yenye kichujio cha kijani tu, cha 500 au 520, bado inafaa, ilimradi sampuli na kilinganishi (myeyusho wa prolini safi ya kiasi kinachojulikana) visomwe kwenye kichujio hichohicho.

Dawa ni tano: prolini safi, ninhidrini, asidi fomiki ya asilimia 98 hadi 100, isopropanoli, na methoksiethanoli. Ninhidrini huyeyushwa kwenye methoksiethanoli, na hapa tusichekeane: methoksiethanoli hudhuru uzazi wa wanawake na wanaume, na hupenya kwenye ngozi. Mjamzito asiishike kabisa. Fanya kazi chini ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa umevaa glavu za nitrili na miwani. Asidi fomiki huunguza ngozi na macho papo hapo, kwa hiyo ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujaifungua chupa.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Wengi mikoani hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Mengine ni mazuri, mengine si safi, na kuna chupa zinazofanana nayo zilizojaa asidi ya betri. Pima pH kwanza, kisha yapitishe kwenye kipimo kizima kama mrija wa maji. Ukisoma mrija huo kwa kulinganisha na maji matupu, ukakuta umetoka na rangi inayoonekana kwa macho, tafuta maji mengine.

MIYEYUSHO

Ninhidrini ya asilimia 3: gramu 0.6 kwenye mililita 20 za methoksiethanoli. Inatosha mirija 12 na kubaki kidogo. Iweke kwenye chupa ya rangi ya kahawia, gizani. Baada ya wiki moja imwage kwenye chupa ya taka, hata kama bado inaonekana safi.

Isopropanoli nusu kwa nusu: mililita 50 na maji mililita 50. Changanya mapema ipoe.

Kilinganishi cha prolini kinataka utulivu. Prolini hunyonya unyevu wa hewa haraka, na mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimechachamaa, kopo lililoachwa wazi kwa dakika chache hupima maji pamoja na prolini. Ihifadhi kwenye chombo chenye silika jeli na upime upesi. Pima milligramu 40, uandike uzito halisi ulioupata, uyeyushe kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50 hadi alama. Kutoka hapo chukua mililita 1, weka kwenye chupa ya mililita 25, jaza hadi alama. Huu wa pili ndio unaotumika kwenye mirija. Una milligramu 0.032 kwa kila mililita. Kama mizani yako inaishia kwenye milligramu 1, usijidanganye kupima 40 kwayo. Pima 400 kwenye mililita 500, mkolezo utakuwa uleule na kosa litakuwa dogo mara kumi. Kwenye hesabu, gawa uzito huo kwa 10.

Asali: gramu 5, uzito halisi ukiandikwa, iyeyushwe kwa maji kidogo kwenye bika, ihamishwe yote hadi chupa ya mililita 100, bika lisuuzwe mara tatu na maji hayo yaingie humohumo, kisha jaza hadi alama. Pima siku hiyohiyo. Asali ikishachanganywa na maji huanza kuchachuka.

KIPIMO CHENYEWE

Mirija 12 ndiyo idadi nzuri kwa mtu mmoja: mmoja wa maji, mitatu ya kilinganishi, na minane ya asali nne, kila moja mara mbili. Usipunguze ile mitatu ya kilinganishi ili kubana dawa. Rangi ya prolini na ninhidrini haitoki sawa kila siku. Hubadilika na umri wa dawa na joto, ndiyo maana kilinganishi cha jana hakiwezi kuhukumu asali ya leo.

1. Weka mililita 0.5 kwenye kila mrija: maji, kilinganishi, au myeyusho wa asali.

2. Ongeza mililita 1 ya asidi fomiki, kisha mililita 1 ya ninhidrini. Funga kwa nguvu.

3. Tikisa kwa nguvu kwa dakika 15. Ndiyo, zote 15. Bila mashine, ifunge mirija yote kwenye kishikio kimoja mtikise kwa zamu. Ukikatisha, dawa hazichanganyiki sawasawa na mirija miwili ya asali moja itatofautiana.

4. Zamisha mirija yote kwa pamoja kwenye maji yanayotokota, dakika 15. Maji yaipite juu miyeyusho iliyo ndani.

5. Hamishia yote kwenye maji ya nyuzi 70, dakika 10.

6. Itoe. Anza kuhesabu dakika 45 hapa. Ongeza mililita 5 za isopropanoli kwenye kila mrija, mmoja baada ya mwingine kila sekunde 30, ukifunga mara moja. Geuza juu chini mara chache.

7. Acha ipoe kwenye joto la chumba. Ikifika dakika ya 45, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 510, ukiwa umeweka sifuri kwa mrija wa maji. Fuata mpangilio uleule na nafasi ileile ya sekunde 30. Kilinganishi kimoja kiwe mwanzo, kimoja katikati, kimoja mwisho. Vikipanda au kushuka kwa mfululizo, ujue rangi inahama wakati unasoma.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa hutokota karibu na nyuzi 96, si 100. Mwongozo ulioandikwa Ulaya unaposema maji yanayochemka, unamaanisha joto ambalo sufuria yako haifiki, na rangi inaweza kutoka hafifu kidogo kuliko inavyotarajiwa. Usitie chumvi majini ili kupandisha joto, wala usirefushe muda kwa kukisia. Kilinganishi kikipikwa kwenye sufuria ileile kwa dakika zilezile, upungufu huo huzipata pande zote mbili na hujifuta kwenye hesabu. Hujifuta kwa sharti hilo tu. Mtu akipika vilinganishi asubuhi na asali mchana, umeme ukiwa umekatika katikati, amepima vitu viwili visivyolinganishika.

Kuhusu umeme: jiko la gesi au la mkaa linachemsha vizuri tu. Maji ya nyuzi 70 unaweza kuyatunza kwenye kibokisi cha kutunzia ubaridi chenye kifuniko. Yaanze nyuzi 71, na kwa dakika 10 hayatashuka sana. Ila jiko lenye moto lizimwe au litolewe nje kabla ya hatua ya 6. Mvuke wa isopropanoli hushika moto, na mirija bado ni ya moto unapoimimina.

HESABU

Prolini, kwa milligramu kwa kilo, ni: (usomaji wa asali ÷ wastani wa vilinganishi) × (milligramu za prolini ulizopima ÷ gramu za asali) × 80.

Ile 80 inabeba kuyeyusha kote, wala haina siri. Milligramu 40 kwenye mililita 50, ikipunguzwa mara 25, ni 0.032 kwa mililita. Zidisha kwa mililita 100 za myeyusho wa asali, kisha kwa 1,000 ili kutoka gramu hadi kilo: 3,200, ambayo ni 40 × 80.

Mfano: vilinganishi 0.402, 0.396 na 0.408, wastani 0.402. Asali 0.271 na 0.265, wastani 0.268. Prolini iliyopimwa milligramu 40.2, asali gramu 5.02. Uwiano ni 0.667, mara 8.01, mara 80: milligramu 427 kwa kilo.

Kama asali inasoma juu ya kilinganishi, yaani imevuka takriban 640, usiiamini namba hiyo moja kwa moja. Punguza myeyusho wa asali nusu kwa nusu na maji, rudia, kisha zidisha jibu kwa 2.

Mara moja kwa mwezi jipime mwenyewe. Chukua asali uliyokwisha kuipima, gramu 5, na kabla ya kujaza chupa ya mililita 100 ongeza mililita 1.25 za ule myeyusho wa kwanza wa prolini. Umeongeza milligramu 1, sawa na 200 kwa kilo. Jibu lipande kwa kati ya 180 na 220. Likipanda chini ya hapo, pipeti yako, vifuniko vyako au prolini yako ina kasoro, na matokeo ya mwezi huo yasubiri.

YANAYOHARIBU

Mirija miwili ya asali moja ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, rudia. Usichukue wastani wa makosa. Sababu ya kawaida ni kifuniko kilicholegea, asidi ikatoka na mvuke. Linganisha vimo vya miyeyusho kwa macho kabla ya hatua ya 6, utauona mrija uliopungua.

Asali nyeusi huleta rangi yake yenyewe. Imepunguzwa sana ikifika kwenye mrija, lakini kama ni nyeusi kama kahawa, ongeza mrija mmoja wenye asali, asidi na methoksiethanoli isiyo na ninhidrini, upike pamoja na mingine, kisha upunguze usomaji wake kutoka kwenye ule wa asali.

Jasho la vidole lina asidi amino. Ninhidrini hiihii ndiyo polisi huitumia kutafuta alama za vidole kwenye karatasi. Usishike midomo ya mirija wala ncha za pipeti. Na ukiona vidole vyako vimegeuka zambarau jioni, glavu ilikuwa na tundu.

KUISOMA NAMBA

Tume ya Kimataifa ya Asali huchukulia milligramu 180 kwa kilo kuwa kima cha chini cha asali iliyoiva isiyochakachuliwa. Chini ya hapo, usikimbilie kumwita mrina mwizi. Pima kwanza maji kwa refraktomita: asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega huwa na maji mengi na prolini kidogo, kwa kuwa nyuki hawajamaliza kazi. Pima pia HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipata joto au ikikaa muda mrefu. Ikivuka milligramu 80 kwa kilo, kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa asali ya nchi za joto, asali hiyo imepikwa, imekaa juani au imezeeka, na prolini yake inaweza kuwa imepungua kwa sababu hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko juu ya 180. Asali halisi yenye 450, ikichanganywa nusu kwa nusu na shira, inabaki na 225 na inafaulu. Kikomo cha kimataifa hakimlindi mnunuzi wa asali yenye prolini nyingi. Kinachomlinda ni kuijua asali ya mahali husika. Kusanya sampuli zisizopungua 20 kwa kila wilaya, Sikonge, Uyui, Urambo, Kaliua, ukiwa umesimama chini ya mti mzinga unapofunguliwa, na uzipime zote kwa utaratibu mmoja. Mtundu na muba ni miti ya miombo: asali ya kipindi mtundu umechanua isichanganywe na ya kipindi cha muba. Ndoo ya Urambo ikileta 225 wakati asali za mizingani za wilaya hiyo zinakaa karibu na 450, hapo una sababu ya kuuliza maswali.

Nyuki waliolishwa sukari wataiongezea shira hiyo prolini yao wenyewe, japo kidogo, na kipimo hiki peke yake hakiwezi kuwabaini. Ikiwa mzigo ni mkubwa na shaka imebaki, hatua inayofuata ni kipimo cha isotopu za kaboni, kinachotambua sukari ya miwa na ya mahindi.

Taka zote za mirija ziende kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyoandikwa asidi, methoksiethanoli na tarehe. Usizimwage kwenye sinki wala kwenye shimo la choo. Kemikali hizi ziko chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Kabla ya kuagiza chupa ya kwanza, uliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu usajili, na ukiwa hapohapo uliza taka hizo zipelekwe wapi.